Panda Ngazi, Mama

Ukumbi wa chini ulifurika watu wakiilaani lifti iliyokufa. Fundi wa lifti alifungua kisanduku cha ukutani, akakuta imezimwa tu. Pembeni alisimama mtafiti wa ghorofa ya nne, koti jeupe, raba nyekundu, kidevu juu.

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Na kesho nitazima tena. Lifti yako inatikisa meza yangu!"

Binti alimpandisha fundi akajionee. Juu ya meza iliyojaa vioo na miale ya leza, alikuwa akipoza atomu, zile chembe ndogo kabisa, kwa baridi isiyopatikana kwenye friji lolote, hadi zitulie kama mtoto aliyeshiba. Lifti ikitikisika tu, zinatawanyika. Kazi bure.

"Kumbe nina wapinzani wasioonekana," fundi alicheka, na moyo wa binti ukaruka.

Mapenzi yakakolea. Fundi alimwita Baridi. Yeye alimwita Panda-Shuka. Hadi siku ile simu ilipolia.

"Baridi wangu, mama anataka uache hiyo kazi kwanza, ndiyo tuoane. Anasema mke gani anashinda gizani na vioo?"

"Na wewe unasemaje?"

Kimya.

"Basi siachi. Na usinipigie tena!"

Alilia, akanawa uso, akarudi kwenye leza zake. Simu za fundi hakuzipokea.

Asubuhi moja atomu zilitulia kuliko siku zote. Akashuka mbio kuizima lifti. Chini akamkuta fundi, amekuja kuikagua, kaukinga mlango wa lifti kwa mikono yote miwili. Mbele yake mama mtu, gauni la kijani, mkoba kwapani, amekuja kumsema binti mwenyewe.

"Nipishe! Mimi ndiye niliyekuzaa!"

"Najua, mama. Panda ngazi. Mwenzangu yuko kazini."

Binti hakungoja kusikia zaidi. Alirudi juu mbio, akazipiga picha atomu zake. Mama alipofika akihema, viatu mkononi, kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na kidoa cheusi, kivuli cha atomu zilizotulia.

"Haka ndiko kamenitoa jasho?"

"Ndiko, mama. Na siachi."

"Sijakubali," mama alisema akijitupa kitini. "Nipe maji."

Fundi alisimama mlangoni, bisibisi mkononi.

"Siku ile nilinyamaza. Leo nasema. Baridi, utanikubali?"

"Na maabara yangu?"

"Na maabara yako yote. Lifti nimeshaizima."

"Ala! Na mimi nitashukaje?" mama akadakia.

"Kwa miguu, mama," wakajibu wote wawili.