Tufe Lililojifunza Kuita

Hili lilimkuta rafiki yangu Badar, fundi umeme wa Mbweni, mchana kweupe. Aliunda koili ya Tesla, mtambo wa kurusha cheche, lakini tufe la bati la juu yake lilivujisha umeme, asijue unakwenda wapi. Akafunga madirisha ili kwenye giza auone unapotokea. Tufe likachacharika kama samaki kikaangoni. Akachomoa waya ukutani, mlio haukukoma. Ukalainika, ukamwita: "Badar."

Bibi yake alimkanya tangu utotoni asimwitikie asiyemuona, ila ulimi ukateleza. "Naam."



Kisha tufe likaita, kwa sauti ya Badar mwenyewe: "Lamya!"

Badar akafumbua kinywa amzuie mkewe. Sauti haikutoka.

Jikoni, Lamya akaitika: "Abee! Nnakuja."