Lengalenga Bila Mafuta

Kila siku ya mgao katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, Mauwa alipokea unga, maharagwe na chupa ya mafuta. Unga na maharagwe aliviingiza ndani. Mafuta aliyapeleka Lilongwe, soko la Area 25, akayabadilisha kwa sabuni. Kwao Kindu, kule Zaire, watu hupikia mawese, mafuta mekundu ya michikichi. Haya meupe ya mgao aliyadharau waziwazi.

"Hii hapana mafuta," alimwambia mumewe, Asumani. "Inapita tu tumboni. Mi nangoja mawese."

Mwacha mila ni mtumwa, na Mauwa hakutaka utumwa. Lakini michikichi haioti Dzaleka. Mwaka mzima alichemsha lengalenga, yaani mchicha, kwa maji na chumvi.

Kisha binti yao Kiza, mwenye miaka minne, akaanza kujikwaa kila jua likizama. Kwanza walimcheka. Jioni moja alipapasa ukuta akiutafuta mlango, na mama yake amesimama papo hapo. Kicheko kikamkauka Mauwa. Wiki hiyo jicho la kushoto la mtoto likaota doa jeupe. Mauwa akaingiwa na hofu kuu. Kaka yake Kiza walimzika njiani wakikimbia vita. Huyu ndiye aliyebaki.

Alimbeba hadi kliniki. Muuguzi Uwineza, mkimbizi kutoka Rwanda, alimpima macho, akampa dawa ya vitamini A.

"Mama Kiza, unapikaka nini?"

"Lengalenga, kila siku."

"Na mafuta?"

"Nabadilishaka kwa sabuni."

Uwineza akauliza, "Sahani yenye mafuta, maji peke yake inaweza kuisafisha?"

"Hapana. Mpaka sabuni."

"Njo vilevile ndani ya mwili. Ini inatengeneza nyongo. Nyongo inaingia katika utumbo mdogo, inavunja mafuta kuwa matone madogo-madogo, sawa sabuni. Maji ya kongosho inamaliza kazi, kisha utumbo unanyonya. Vitamini ya macho iko katika majani, lakini inapitaka pamoja na mafuta. Kama mafuta hakuna, nyingi inatoka na choo."

"Hata mafuta hii nyeupe inasaidia?"

"Hata hii. Tumbo haiangalie rangi."

Mauwa alimkumbatia mtoto. "Basi mi njo nilimpofusha?"

Uwineza hakumdanganya. "Ulikuwa haujue. Sasa unajua. Tia kijiko katika chakula yake kila siku. Na kesho umurudishe, nimupe dawa tena."

Chupa iliyokuwa ikingoja safari ya soko ilifunguliwa siku hiyohiyo. Mauwa alikaanga lengalenga, akamlisha Kiza kwa mkono wake. Lakini madaktari wa hospitali ya Lilongwe, walikopelekwa baadaye, walisema jicho la kushoto halitapona.

Siku kadhaa zikapita. Jioni moja, giza likianza kuingia, Mauwa alikuwa akisonga ugali. Kiza alimkaribia bila kupapasa.

"Mama, mbona uko nalia?"

"Nani amekuambia mi nalia?"

"Nakuona," mtoto alisema, akagusa jicho lake la kulia. "Na hii moja tu."