Andika Kama Nilivyosema

"Andika kama nilivyosema," Ashatu alimwambia mumewe. "Usinitengenezee."

Mwalimu Bwanausi alikuwa ameinamia karatasi, kalamu mkononi. Juu alikwisha andika tarehe, mwaka wa thelathini na nane, na chini yake jina la Liwali wa Bagamoyo. Barua ilikuwa ya Ashatu kudai talaka. Ndiyo, jamani, mume ndiye aliyekuwa akiandika! Kijijini Mapinga kote hapakuwa na mwingine wa kuandika barua ya bomani. Mjomba Mwishehe, aliyemlea Ashatu, alijua herufi za Kiarabu tu, na bomani siku hizo walitaka za Kizungu.

Hii ilikuwa mara ya tatu Mwalimu kutoka mjini kuja kumfuata mkewe, aliyekuwa amerudi kwa mjomba. Na mara ya tatu kuulizwa, "Unatoa talaka?" na kujibu, "Sitoi." Mjomba jino lilimuuma tangu juzi, karafuu imemjaa shavuni, subira imemwishia.

"Basi mwandikie mwenyewe akashitaki," alimwambia. "Au mwalimu unaogopa kalamu?"

Ndivyo ilivyokuwa.

"Sema," Bwanausi alisema bila kuinua uso.

"Mimi Ashatu nimechoka."

Akaandika, kisha akasoma, "Mimi niliyetajwa hapo juu, ninaarifu kwa heshima kwamba sina tena uwezo wa kustahimili..."

"Nani kasema hayo?"

"Ndiyo lugha ya barua, Ashatu. Kule ni ofisini. Huwezi kumwandikia Liwali kama unavyozungumza kisimani."

"Unamwona, mjomba? Hata talaka yangu anaisahihisha!"

"Futa, Mwalimu," Mjomba akasema, ameshika shavu. "Mwenye kuchoka ni yeye, si wewe."

Akafuta.

Ashatu alizaliwa pale pale Mapinga, na kinywani mwake Kiswahili na Kikwere vililala kitanda kimoja. Alipoolewa mjini, wiki ya kwanza tu akaanza kusikia, "Siyo hivyo, mke wangu, sema hivi." Mezani, siyo hivyo. Mbele ya wageni, siyo hivyo. Mpaka chumbani! Mwaka wa tatu ulipofika, maneno yaliyombakia yalikuwa matatu: "Karibu chakula," "Maji tayari," na "Ndiyo, Mwalimu." Majirani wakamsifu Bwanausi kwa kupata mke mtulivu.

"Andika," Ashatu akaendelea. "Kila nikifungua kinywa, mume wangu ananisahihisha. Nikisema nina njaa, ananisahihisha. Nikisema nampenda, ananisahihisha. Nikaona ninyamaze. Naye akaenda kuwaambia watu mkewe ana kiburi, hasemi naye."

Kalamu ilikwaruza, ikasimama.

"Nilitaka usichekwe, Ashatu."

"Nani alinicheka? Yule mkaguzi wa shule alipokuja kunywa chai, mgeni wa watu alinisikiliza vizuri tu. Aliyesema, 'Msamehe bwana, huyu mtu wa shamba,' ni wewe. Mimi nimeshika birika, nakumiminia chai."

"Mh!" Mjomba akaguna. "Na hilo liandike."

Akaliandika.

Ashatu akavuta kanga mabegani. Alichoka vibaya. Hata hasira ilikuwa imemchoka.

"Andika la mwisho. Siku Hija wetu alipokufa."

"Ashatu, hilo tafadhali..."

"Andika! Alikuwa na miezi tisa. Nilimlilia kwa Kikwere, maana ndivyo alivyolia mama yangu, na bibi yangu kabla yake. Nikamwita, nikamwuliza, mwanangu, unaniachia nani? Mume wangu akaniita ukumbini. Nikadhani anataka tulie wote. Akaniambia, 'Lia taratibu, wageni wa mjini wanasikia.' Tangu siku hiyo sijalia. Mwaka na nusu sasa. Yamegandia humu."

Bwanausi aliandika kila neno. Wino ulidondoka karatasini, naye hakuufuta. Halafu akasema kitu, kwa sauti ndogo.

Alichosema kilikuwa Kikwere. Kikwere chenyewe, cha vikongwe wa bara. *Mwanangu, unaniachia nani?* Maneno yale yale, na sauti ikivutwa vile vile mwishoni.

Ashatu akadhani hakusikia sawa. Miaka sita ya ndoa, hakupata kulisikia neno hata moja la Kikwere kutoka kinywa kile.

"Umekijulia wapi hicho?"

"Lugoba. Kwa bibi aliyenilea."

"Wewe si mtu wa Bagamoyo mjini?"

"Ndivyo nilivyowaambia watu. Shuleni kila kikiniponyoka nilichapwa, nikacheka na wenzangu nisionekane nalia. Nikaapa hakitatoka tena."

"Kumbe siku ile ulikuwa unaelewa?"

"Kila neno. Ndiyo maana nikakunyamazisha. Ungeongeza moja tu, ningelia mbele ya wale watu wote, kwa Kikwere, mwalimu mzima. Nilijiokoa mwenyewe, Mama Hija. Nikakuzamisha wewe."

Mama Hija! Hakumwita hivyo tangu mazishi.

"Miaka sita!" Ashatu akainuka. "Nimekaa kwako bubu miaka sita, nikijiona mshamba, na wewe lugha yangu umeificha mvunguni!"

Hapo ndipo kilipomtoka. Alilia kwa sauti, kwa Kikwere, kilio cha mwaka na nusu, na Mapinga ikasikia. Jirani mmoja akachungulia mlangoni kuuliza nani kafa.

"Mtoto wao," Mjomba akamjibu. "Waache."

Bwanausi hakumwambia mkewe anyamaze. Alikaa palepale, machozi yanamdondokea kwenye kanzu, kamasi na yote, mwalimu wa watu.

Ashatu alipopumua, akajifuta kwa ncha ya kanga.

"Andika na hayo. Ya Lugoba."

Akayaandika.

Mjomba akavuta kichupa cha wino. "Haya mwanangu, tia dole gumba, jamani, jino hili litaniua."

Ashatu akakitazama kile kichupa. Akakitazama kidole chake.

"Kwanza anisomee. Yote. Kwa kikwetu."

"Nimekisahau kidogo," Bwanausi akasema.

"Soma."

Akasoma. Alisoma polepole kama mtoto wa chuo cha Kurani siku ya kwanza. *Mimi Ashatu nimechoka.* Alipofika kwenye birika la chai akakosea neno. Akakosea na la pili. Akainamisha kichwa, akingoja asahihishwe.

Mjomba akakifunga kile kichupa.

"Endelea, Baba Hija," Ashatu akamwambia. "Nakusikiliza."