Foleni ya Mtu Mmoja

Alhamisi, baada ya alasiri

Chumba kilikuwa nyuma ya gesti, Ikwiriri, dirisha limezibwa kwa gunia la ufuta. Maneno alikaa kitandani. Wengine walisimama. Hivyo ndivyo alivyopenda vikao vyake, yeye akae na dunia isimame.

"Kesho," alisema. "Fuso la ufuta linatoka ghalani hapa, linakwenda Dar. Dereva anaitwa Haruni. Mgeni wa njia hii. Haendi hata chooni bila ramani ya kwenye simu."

"Na bila mimi," Sabra akasema, akazitazama kucha zake.

Sabra alikuwa ameuza chai pale ghalani msimu mzima kwa ajili ya siku hiyo moja. Haruni alishamwahidi lifti mpaka Mbagala, na mengine ya mbele ya safari.

Maneno akamgeukia Nassibu, mume wa dada yake, fundi simu wa Nyamisati. "Shemeji. Waeleze."

Nassibu hakutaka kueleza. Hakutaka hata kuwamo chumbani. Lakini mwaka mzima Maneno alikuwa akimletea simu za "rafiki aliyesahau namba ya siri", naye akazifungua, akalishia familia. Mwezi uliopita ndipo alipoambiwa zilikotoka. Tangu siku ile Maneno hakumwomba tena kitu. Alimwamuru. Mla cha mwenzio na chako huliwa.

"Ramani haioni gari," alisema. "Inaona simu. Simu nyingi zikitambaa barabarani, inajua ni foleni, inapaka nyekundu. Zikikimbia, inapaka kijani. Haiendi kuchungulia."

"Na tukiitambazia simu zetu?"

"Itawaonyesha foleni hata kama barabarani yupo kunguru mtupu."

Mfaume alicheka mara moja. Huyu ndiye dereva wa bajaji, mtu wa mabega mapana na maneno ya kuhesabu.

Maneno akaupanga mchongo. Ijumaa, wakati wa swala, barabara kuu hupoa na hapatakuwa na simu nyingi za watu wengine za kuziumbua zao. Bajaji itatambaa kwa mwendo wa kobe kabla ya kufika Bungu, na kapu la simu ndani. Wiki iliyopita lori lilipinduka hapohapo, watu wakalala barabarani, kwa hiyo hakuna dereva atakayeibishia ramani. Itamsukuma Haruni kwenye njia ya zamani ya mikoroshoni, inayozunguka na kutokea kwenye kizuizi cha Bungu. Katikati ya mikorosho atamkuta Maneno na chuma mkononi.

"Na pale kizuizini?" Nassibu akauliza. "Pana polisi."

"Hao niachie mimi. Simu unazo?"

Alikuwa nazo. Watu wa visiwani walizileta Nyamisati kwa boti, wakamwachia siku mbili tatu, za kuchaji na za kutengeneza. Na utaratibu wa pale kila mtu aliujua: simu ikiita, fundi anapokea. Anasikiliza, anatuma salamu kwa boti inayofuata. Vifo, harusi, watoto waliozaliwa, vyote vilipita mdomoni mwake kabla ya kuwafikia wenyewe. Leo aambiwe azibebe kapuni zikatumiwe kwa ujambazi. Aliona aibu mpaka masikio yakamchoma.

"Laini zote ng'oa," Maneno alisema. "Ruta moja inatosha kuzipa zote intaneti. Sitaki simu iite hata moja."

"Sawa."

Usiku ule alizing'oa zote, akabakisha moja. Ilikuwa ya Bi Tabu, ajuza wa kisiwani, simu kubwa aliyotumiwa na binti yake aliyeolewa Mtwara. "Mwanangu, hii usiizime," alimwambia alipoiacha. "Zawadi wangu hupiga Ijumaa. Asinikose." Nassibu hakuwahi kumwona huyo Zawadi. Alimjua kwa sauti tu, kwa Ijumaa nyingi alizompokelea. Aliishika ile laini kwa kucha, kisha akairudisha. Alijua ni ujinga. Ila amana za watu wote alishazivunja, akatamani walau moja ibaki nzima.

Ijumaa, saa sita na nusu mchana

Jua lilikuwa la utosi. Bajaji ilitambaa kando ya lami, Mfaume kwenye usukani, Nassibu nyuma na kapu jekundu la simu na ruta magotini. Alilinunua asubuhi ileile, barabarani, Mfaume akimtazama.

Aliangalia ramani kwenye simu yake. Mstari wa kijani ukawa njano. Njano ikawa nyekundu. Akainua macho: lami tupu, mbuzi wawili, na mvuke wa joto. Barabara nyeupe pee, na ramani inalia msiba.

Kwa mbali adhana ikasikika kutoka Bungu. Waumini wenzake walikuwa wanatawadha.

Ujumbe wa Sabra ukaingia. Neno moja: Kaingia.

Mfaume akausoma juu ya bega lake. Akazima bajaji. Akachomoa ufunguo, akaweka mfukoni.

"Vipi tena?" Nassibu akauliza.

"Naenda kutazama njia."

"Na ufunguo?"

"We sukuma. Si umesema zisisimame? Zikisimama, ramani inajua ni kijiwe."

Bodaboda ilikuwa imeshasimama nyuma yao, Nassibu hakuwa ameizingatia. Mfaume akapanda. Hakuaga.

Saa saba kasorobo

Mtu mzima anasukuma bajaji peke yake kwenye barabara kuu. Jasho lilimwingia machoni. Kukimbia hakuweza, kapu lilikuwa zito na zile simu zilikuwa za watu. Kuliacha hakuweza. Kusimama hakuweza. Alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayekaribia kulia. Foleni nzima ya Bungu ilikuwa yeye.

Simu yake ikaita. Maneno.

"Shemeji! Umefanya nini huko?"

"Ulichoniambia."

"Njia imejaa! Fuso ninalo, dereva nimemfunga, sina pa kwenda. Mbele kuna malori mawili yamekutana uso kwa uso, kila moja linamwambia mwenzake arudi. Nyuma kuna basi la Mtwara na magari mengine siyaoni mwisho. Wote wamefuata ramani yako!"

Nassibu akafumba macho. Walifikiri juu ya Haruni, wakasahau kwamba ramani haimnong'onezi mtu mmoja. Inamwambia kila aliyeiuliza. Ile foleni ya uongo ilikuwa imezaa ya kweli, na wao wamo ndani yake.

"Zima hizo simu!"

"Nikizima haibadiliki papo hapo, shemeji."

"Zima! Abiria wanashuka. Mmoja akifungua huu mlango, nalianzisha. Naapa nalianzisha."

Simu ikakatika. Nassibu akaingiza mikono kapuni, akaanza kuzizima moja moja. Hakufika mbali. Difenda ya polisi ilikuwa inakuja kutoka Bungu, taa zinawaka mchana kweupe.

Saa saba

Afande Saidy alikuwa mtu mnene, mpole, na upole wake haukumfurahisha mtu. Alimfunga pingu kwanza, akasalimia baadaye.

"Tumepigiwa simu. Mwizi wa simu, yuko na bajaji, ana kapu jekundu. Umri wangu wote sijaona taarifa iliyonyooka namna hii."

Kapu jekundu. Tangu asubuhi alikuwa ameliona mtu mmoja tu. Nassibu akauliza polepole, "Kizuizini amebaki nani, afande?"

"Hakuna. Wengine wako swala. Kwa nini?"

Hao niachie mimi. Sasa alielewa. Tangu mwanzo hakuwa fundi wa kazi hii, alikuwa chambo. Polisi wamfuate yeye huku, fuso lipite kule. Kaka wa mke wake alimpanga hivyo na kumwita shemeji papo hapo. Iliuma kuliko pingu.

"Simu za nani hizi?" Saidy akauliza.

"Amana. Za watu wa visiwani. Kaulize Nyamisati yote, watakwambia mimi ni nani."

Na kweli wangesema. Alipotamka maneno yale aliuona mlango wa kutokea. Kila mwenye simu angekuja kushuhudia kwamba alimwachia kwa hiari. Hakuna wizi. Angelala ndani siku moja, mbili, halafu angerudi kwa Nasma, mkewe. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Lakini akitaja lile fuso, ni unyang'anyi wa kutumia silaha, miaka thelathini, na amemuuza kaka wa mkewe. Akaamua kunyamaza.

Simu ikaita kapuni.

Afande akaichukua, akaitazama. "Zawadi," alisoma. "Ndiye mwenye simu?"

"Binti wa mwenyewe. Nipokee, afande. Ndiyo kazi yangu."

Saidy akabonyeza, akaweka sauti ya nje.

"Mama?" Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu aliyejikunyata.

"Ni mimi, Nassibu."

"Kaka Nassibu! Alhamdulillahi. Mwambie mama niko njiani, nilitaka nimshtukize, nimekuja na mjukuu wake." Akavuta pumzi. "Dereva wa basi katuingiza mikoroshoni, tumekwama. Kuna fuso mbele yetu. Mtu kashuka na bunduki, kampiga kondakta, anamlazimisha dereva wetu arudi nyuma, na nyuma hakuna nafasi. Anapiga kelele tu, kaka. Mtoto analia, nashindwa kumnyamazisha."

"Laleni chini. Wewe na mtoto. Chini kabisa."

Mlio mmoja wa risasi ukasikika. Kisha laini ikakatika.

Afande Saidy hakuwa mpole tena. "Fuso gani hilo? Mikorosho ipi? Njia zile ziko nyingi."

Nassibu alimwona Nasma, asubuhi, akimfungia chakula cha mchana. Aliiona ile miaka thelathini. Angeweza kusema sijui. Lakini kule alikuwamo mtu ambaye kila Ijumaa alimuuliza, kaka Nassibu, hujambo, na nyumbani hawajambo? Foleni iliyomfunga yule dada aliitengeneza yeye kwa mikono yake.

"Ni ya zamani, inayotokea kizuizini kwenu," alisema. "Mwenye bunduki ni shemeji yangu, Maneno. Anaogopa, kwa hiyo ni hatari. Na hiyo foleni nimeipika mimi, afande, kwa hizi simu. Twende. Lakini niendelee kuzizima, kama nilivyoanza? Hapana. Niziwashe tena zote. Nipe kapu nilishike, halafu kanyaga mafuta."

"Unanipangia?"

"Zikikimbia, ramani itaona barabara kuu imefunguka. Magari yataacha kumiminika kule, walioko nyuma watapata pa kurudi. Kanyaga, afande, nakuomba."

Saidy akapiga mlango wa difenda kwa kofi. "Panda."

Difenda ikaruka. Nassibu alikaa nyuma, askari huku na huku, mikono imefungwa, akiziwasha simu za watu kwa vidole gumba. Upepo ulimpiga usoni. Kwenye ramani wekundu ukapauka, njano ikaingia, kisha kijani, kipande kwa kipande. Kilomita zote za mbele zilikuwa wazi, na yeye hakuwa na pa kwenda.

Saa saba na nusu

Magari ya mwisho yalikuwa yameanza kurudi nyuma walipoingia mikoroshoni. Basi likasogea. Maneno alikuwa juu ya magunia ya ufuta na bastola yake, chini yake pamejaa watu waliojilaza kwenye majani. Alipiga risasi moja hewani, nyingine kwenye kioo cha difenda. Polisi walimjibu mara moja. Alianguka pamoja na gunia, paja linavuja damu, ufuta unamwagika juu yake.

Sabra walimkuta kajificha mkoroshoni. Haruni alifunguliwa kamba, akakaa chini, akaitukana ile sauti ya kike ya kwenye simu yake mpaka watu wakacheka. Mfaume hakuonekana. Alikuwa ametazama njia kweli.

Walipompitisha Maneno, alisimama mbele ya Nassibu. "Dada yangu utamwambia nini?"

"Ulichonifanyia," Nassibu alisema. "Na nilichokufanyia."

Maneno akatema mate, wakamburuza.

Abiria walikuwa wanapanda basi. Mwanamke mmoja, kanga imejaa vumbi, mtoto begani, alipita karibu na difenda akisikiliza. Akasimama.

"Hiyo sauti," alisema. Akaitazama pingu. Akalitazama kapu. Uso wake ulibadilika polepole, hasira na machozi vikagombania nafasi. "Kaka Nassibu?"

Nassibu akachagua simu ya Bi Tabu kapuni, akamtazama afande. Saidy akaangalia kando.

"Boti ya jioni haijaondoka," Nassibu alisema, akimnyooshea kwa mikono yote miwili, kwani pingu ilikuwa imeiunganisha. "Mpe mama. Mwambie sikuizima."