Injili Katika Soko la Wanawake

Jumatano, saa mbili na robo asubuhi, Yazeed alianguka kifudifudi kwenye lango la soko la wanawake, mjini Ibra, Oman. Risasi ilikuwa imempasua koo.

Hakuna aliyesikia mlio.

Najla, mpelelezi mwenzake, aliuruka mwili wake, akaingia ndani.

"Yazeed kafa," alinong'ona kwenye kipaza sauti chini ya mtandio. "Muuaji kaingia sokoni. Kavaa baibui na barakoa."

"Humo nusu yao wamevaa hivyo, bibie," alijibu Hamdun, mkuu wake, kutoka Maskati.

"Ninawaona."

"Vijana wangu hawaingii. Akiona kanzu ya mwanamume, atakiharibu kile kipande."

Muuaji alibeba kipande cha karatasi ya kale ya mafunjo, cha ukubwa wa kiganja, chenye mistari ya Injili ya Yohana kwa Kigiriki. Monasteri moja ya Misri ilikiazimisha kwa maonyesho ya Nizwa. Oman iliahidi kitarudi salama. Juzi muuaji alikiiba, na mnunuzi alichagua wakutane hapa, ambapo wanaume hawakanyagi.

Najla alipita penye vitambaa na hina. Mkono wake ulishika bastola ya Glock ndani ya baibui.

Bi Mazoon, muuza uvumba, alikuwa akiwatilia wateja kahawa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone maajabu! Mgeni huyu namtilia, anakunywa. Namtilia tena, anakunywa. Tumbo hilo au kisima?"

Mgeni alirudisha finjani, mkono umetulia. Mwanamke yeyote wa Ibra aliyetosheka angeitikisa, na Bi Mazoon angeacha kutilia.

Huyu hakujua.

Macho yao yalikutana. Mgeni alichomoa bastola. Birika la moto lilikuwa karibu, lakini Najla hakuligusa: kahawa ingeyalowesha mafunjo. Alimkamata kifundo cha mkono, akakivunja. Risasi ilipasua gunia la uvumba. Barakoa ilichanika.

Ndevu.

"Mwanamume!" Bi Mazoon alipiga ukelele. "Nimemnywesha kahawa yangu mwanamume!"

Kwa mkono mzima, mtu yule alichomoa bahasha ya plastiki pamoja na kiberiti cha gesi, akakiwasha.

"Nipishe," alisema kwa Kiarabu cha vitabuni, "ama nakichoma."

Najla alimpiga risasi ya kiwiko. Kiberiti kilianguka. Risasi ya pili ilimwingia chini ya jicho.

Najla aliinama, akaiokota bahasha, akaifuta damu kwa upindo wa baibui. Ndani, herufi zilikuwa kamili.

"Ninacho. Kikavu."

"Mnunuzi keshatiwa pingu garini mwake, hapo nje ya soko," alisema Hamdun. "Unahitaji daktari?"

"Mtumeni kwa Yazeed. Awe na sanda."

Najla alitoka langoni, akaingia kwenye Land Cruiser, akashika njia ya Nizwa.