Shingo Nyembamba

Jumamosi ile mtaa wa magitaa pale Ochanomizu ulikuwa umefurika watu. Masanori alimpiga kikumbo msichana mlangoni mwa duka. Mwavuli ukaenda huku, mkoba wa gitaa ukaenda kule na kufunguka. Badala ya kuomba radhi, jamaa akainama kulichungulia gitaa. Ndivyo alivyokuwa, Mungu amsamehe: magitaa kwanza, watu baadaye.

"Hili la kiwanda cha Matsumoto," akasema. "Mwaka sabini na saba hivi. Ila shingo si yake."

"Na mimi je, sijaumia?" Msichana alikuwa akipangusa koti lake jekundu la mvua.

"Umeumia?"

"Sasa ndiyo unauliza!" Akacheka. "Naitwa Chizuru. Gitaa la marehemu baba. Hiyo shingo ina hadithi yake..."

"Tazama skrubu hizi!" Masanori akamkatiza.

Wakaanza kwa kahawa, wakaendelea kwa simu kila jioni.

"Leo umebusu magitaa mangapi?"

"Yote. Umebaki wewe."

"Mwongo mkubwa!"

Alimpenda kweli, akaazimia kumposa. Chizuru alipomwachia gitaa abadilishe nyuzi, Masanori akahangaika madukani mpaka akapata shingo halisi, ya kiwanda kilekile, mwaka uleule. Muuzaji akataka ile ya zamani wabadilishane. Akampa palepale. Kisha akaificha pete mkobani, chini ya nyuzi za akiba, ili Chizuru aikute mwenyewe.

Chizuru alikuja na gauni la buluu, ananukia sabuni. Akalipakata gitaa, akakunja vidole shingoni, akatulia.

"Shingo iko wapi?"

"Si hiyo hapo, mpenzi! Sasa gitaa limekamilika."

"Ile nyembamba, Masa."

"Ile? Ilikuwa imechongwa ovyo, nika..."

"Baba ndiye aliyeichonga. Nilikuwa mtoto, vidole havifiki. Kila Jumapili anapunguza kidogo, ananipa nijaribu, anapunguza tena. Mbona hukuniuliza?"

Akalifunga gitaa mkobani, akaondoka nalo. Masanori akatimua mbio hadi kwa muuzaji. Amechelewa: shingo imeshachukuliwa na mgeni fulani mpita njia, hakuacha hata jina. Majuto ni mjukuu, na huyu alifika mapema. Masanori akasimama kwenye mteremko wa mtaa ule, watu wakimpita na mikoba yao ya magitaa mgongoni, akapiga simu.

"Chizuru, nisamehe. Nitaitafuta nchi nzima."

"Najua utaitafuta. Pengine utaipata." Sauti haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha. "Wewe ukishika gitaa gizani unajua limetoka wapi."

"Basi nipe nafasi, mpenzi wangu. Kuna kitu nilitaka kukuuliza leo."

"Nimekiona, mkobani."

"Unasemaje?"

Chizuru akaanza kulia taratibu.

"Miezi yote hii umenishika mkono, Masa. Pete nimeivaa. Inanipwaya."