Götzen Ndogo ya Masisi

Meza ilikuwa tupu.

Inspekta Généreuse Mapendo alisimama mlangoni mwa ukumbi wa parokia, bado anahema kwa kupanda mlima. Jana, baada ya misa, watu wa Masisi walipanga mstari hapa kuiona meli ndogo ya kivita ya mbao. Yeye mwenyewe alipanga mstari, tena mara mbili. Leo kilichobaki ni kitambaa cheupe, kimekunjwa vizuri kama cha altare.

"Usiguse kitu," alimwambia msaidizi wake, Ajenti Christian, ambaye tayari alikuwa amekishika kitambaa.

"Nimegusa kidogo tu, chef."

"Basi kirudishe. Polepole."

Kwenye benchi la ukutani aliketi Valérie Umurerwa, aliyeiunda ile meli. Hakuwa analia tena. Mikono yake, yenye makovu madogo ya wembe, ilikuwa imelala mapajani.

"Mlango ulifungwa na nini?" aliuliza Inspekta.

"Waya, Mama Inspekta. Nani ataiba kwa Mungu?"

"Ulitoka hapa lini?"

"Jana jioni. Asubuhi nimekuja kuiweka mu kasha, maana leo njo siku ya Goma."

"Siku ya nini?"

Valérie akainua uso. "Maonyesho ya wanaounda meli ndogo. Majaji watachagua mutu mumoja aende Kalemie, kwenye karakana ya ziwa, akajifunze kuunda meli za kweli. Mumoja tu. Leo jioni wanafunga."

"Na usipofika?"

"Nitarudia kutengeneza viti vya kanisa."

Inspekta alikuwa ameiona meli ile kwa macho yake: Götzen, manowari ya Wajerumani iliyoletwa vipande vipande mpaka Ziwa Tanganyika wakati wa vita vya kwanza. Valérie alikuwa ameiunda upya kwa kipimo cha sentimita moja kwa kila mita moja, na mzinga wake wa mbele, ngazi zake, vishubaka vyake. Kitu cha namna ile hakipotei hivi hivi. Kitapatikana, na kitapatikana leo.

Alivaa glavu, akainamia meza. Pale meli ilipokuwa, ubao ulikuwa umefutwa. Mistari myeupe ya unga mwembamba ilikuwa imekauka juu yake.

"Sumu!" alisema Christian.

Inspekta aliunusa unga ule. Kisha akauonja kwa ncha ya ulimi. Christian alifumba macho, akingojea kumshika akianguka.

"Chumvi," alisema Inspekta.

"Mwizi amefuta alama za vidole, chef."

"Kwa maji ya chumvi? Mwizi mwenye haraka anafuta kwa shati."

Alipiga magoti chini ya meza na tochi. Hapo akaona kipande cha mbao, chembamba kama ukucha, kimechorwa mistari midogo sana. Alikigeuza. Upande wa chini kulikuwa na utando wa gundi, mzima, bila mpasuko. Hakikuvunjika. Kilibanduka, kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

"Hiki ni nini?"

Valérie alikitazama, akashika kifua. "Ni sitaha yangu."

Inspekta alikitia kielelezo ndani ya mfuko wa plastiki. "Nani umegombana naye?"

"Hakuna mutu."

Christian akakohoa.

"Sawa, ni Evode," alisema Valérie. "Jana, mbele ya watu. Alisema mwili wa meli ni wake, mimi nimeuvalisha nguo tu."

Kabla hawajatoka, pikipiki ilinguruma uani. Dereva wake, Manzi, alikuwa na tope mpaka kwenye nyusi. Yeye ndiye angeibeba meli mpaka Goma.

"Ulilala wapi?" Inspekta alimuuliza hapo hapo.

"Mweso, Mama Inspekta. Tairi ilipasuka. Uliza mama wa maandazi mbele ya hospitali, nimemumalizia sahani nzima."

"Hukurudi huku usiku?"

"Na tairi gani? Mimi nimebeba mbuzi, magodoro na bibi arusi. Meli ilikuwa ya kwanza, nilishajisifu barabara yote! Niibe sifa yangu mwenyewe?"

Inspekta alikwangua tope la mguuni mwa Manzi kwa ukucha. Bado lilikuwa bichi, jeusi la barabara ya Mweso. Aliinua simu, akampata mama wa maandazi, na kabla hajamaliza swali yule mama alianza kulalamika juu ya sahani yake.

"Ngoja hapa," alimwambia Manzi. "Usizime injini."

Evode alikuwa mchongaji kutoka Walikale. Ni yeye aliyeleta kutoka msituni ule mti mwepesi wa parasolie, akauchonga kuwa mwili wa meli. Walimkuta amesimama mlangoni mwa chumba chake, mikono kifuani.

"Bila mandat ya kupekua hamuingie."

"Kaka Evode, unaficha nini?"

"Kila mutu iko na vitu vyake."

"Chini ya kitanda?"

Jicho la Evode liliteleza kidogo tu kuelekea kitandani. Ilitosha. Christian alipenya chini ya mkono wake, akatambaa, akatoka na kitu kirefu kilichofungwa kwa majani ya ndizi. Majani yaliporaruka, mwili wa meli ulionekana.

"Tumemupata!" Christian alipiga kelele mpaka kuku wakaruka.

Valérie alichomoa rula yake. Aliipima pua, akapima tumbo, akapima mkia. Sauti yake ikashuka.

"Siyo hii. Pua ni fupi. Na mashavu ni manene. Hii ni meli ya mutu anayekumbuka, siyo ya mutu aliyepima."

"Mashavu manene?" Evode aliumia waziwazi. "Dada, rudia tena!"

"Kwa nini uliificha?" aliuliza Inspekta.

"Nilitaka nione kama naweza peke yangu. Kumbe siwezi. Ningeionyesha nani?"

Inspekta alimwamini. Jasho la aibu halifanani na jasho la woga. Akatoa ule mfuko wa kielelezo. "Basi nisaidie. Mbao yako ilikosa nini?"

Evode alikigeuza kipande kile kwenye mwanga, akakinusa juu ya plastiki.

"Mbao haina kosa. Angalia kole, hii gundi. Imetoka yote, haikuuma mbao hata kidogo. Na inang'aa. Iko na mafuta." Akamgeukia Valérie. "Nani alikupikia kole hii?"

Valérie naye alikinusa.

Gundi ya dukani, inayopanda kutoka Goma, hufika Masisi imekauka ndani ya chupa. Kwa hiyo Valérie alikuwa akitumia gundi ya maziwa. Mtengenezaji jibini mmoja alimtengenezea: maziwa yaliyotolewa malai yakaachwa yagande, mgando ukaoshwa, ukachanganywa na chokaa. Ikishika, hushika kama mtoto mgongoni kwa mama yake.

"Papa Habineza," alisema Valérie. "Lakini yule ananipenda kama mutoto wake."

"Anayekupenda ndiye anayejua mlango unafungwa na waya," alisema Inspekta. "Twende!"

Walipanda kilima karibu wakikimbia. Ng'ombe waliinua vichwa kuwatazama.

Nyumba ya jibini ya Papa Habineza ilikuwa ya mbao, juu ya malisho. Mzee mwenyewe, aproni nyeupe na buti za mpira, aliwapokea kwa mikono miwili. Kabla ya swali lolote aliwamiminia maziwa, mazito, malai yakielea juu.

"Kunyweni, watoto wangu. Mugeni hapewi maziwa maskini. Yale ya kutolewa malai ni ya ndama."

Inspekta alikunywa, akaweka kikombe. Habineza alikiinua, akachomoa kitambaa chenye maji kutoka mfuko wa aproni, akafuta pale kilipokuwa.

"Papa, umesikia meli imeibiwa?"

"Nimesikia. Vibaya sana."

"Jana usiku ulikuwa wapi?"

"Hapa. Fromaji hailali peke yake."

Christian alinyanyua kofia yake mezani. Kitambaa kikapita pale pale. Inspekta aliutazama ubao ule. Maji yalikauka kwa upepo wa dirishani, na polepole, kama ukungu unaotoka bondeni, mistari myeupe ikajitokeza.

"Kitambaa hicho kina nini, Papa?"

"Maji ya chumvi. Ukitoa fromaji juu ya ubao bila kufuta, uchafu unaingia."

"Unafuta kila mara?"

"Mukono hauniulizi tena, Mama. Nikitoa kitu, ninafuta."

"Hata meza ya parokia?"

Kitambaa kilianguka chini.

Valérie alikuwa amesimama nyuma ya Christian, mdomo wazi.

"Iko wapi?" aliuliza Inspekta.

"Haikuvunjika," alisema Habineza. "Ni mugonjwa tu. Iko mu kitanda."

Alifungua mlango wa chumba cha kukomazia. Rafu zilijaa jibini za mviringo, za manjano, na katikati yake, kwenye ubao safi, Götzen ndogo ilikuwa imelala. Bomba lake lilisimama. Mzinga wa mbele ulielekea ukutani. Juu ya sitaha yalipangwa mawe ya mtoni, kila moja limevikwa kitambaa.

Valérie alirukia rafu.

"Usiguse!" Habineza alilia. "Bado haijashika!"

Inspekta alimketisha juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Sasa sema, Papa. Tangu mwanzo."

"Kole yote ya kwanza nilitengeneza na maziwa bila malai, vile inafaa. Imeshika, hata leo ungevuta na ng'ombe. Lakini ile ya mwisho, ya sitaha..." Alifuta macho kwa kiwiko. "Nikawaza, huyu mutoto ataenda kusimama mbele ya wakubwa. Nimupe maziwa ya ndama? Marehemu bibi yangu angefufuka anifukuze. Nikachukua maziwa ya ng'ombe wangu muzuri kuliko wote, na malai yake yote. Kwa heshima."

"Na malai hayashiki mbao."

"Hayashiki! Nilijua mu kichwa. Mukono njo ulikataa."

"Uligundua lini?"

"Jana, mu mustari. Nikaona sitaha imeinuka pembeni, kama kope ya mutu anayeamka. Valérie alikuwa anacheka na watu. Mudomo ukakataa kufunguka. Nikawaza, nitaichukua, nitabandika na kole ya kweli, nitairudisha kabla ya kengele. Nilipoiinua, kipande kimoja kikaanguka, na giza lilinishinda kukitafuta. Halafu baridi ikachelewesha kole. Asubuhi nikasikia polisi. Nikaogopa."

"Ungeniambia, Papa!" Valérie alipiga kelele. "Tungebandika pamoja!"

"Ungenicheka."

"Ningekupiga! Halafu tungebandika!"

Evode, aliyewafuata bila kuitwa, aligeuza uso dirishani ili asionekane akitabasamu.

"Kuchukua kitu cha mtu bila ruhusa ni kosa," alisema Inspekta. "Valérie, unamshtaki?"

Valérie hakumtazama mzee. Alilitazama jua. "Itashika lini?"

"Hapa, mu baridi hii, jioni," alisema Habineza. "Ikipata joto ya mikono, kabla ya hapo."

Lakini jioni maonyesho ya Goma yalikuwa yanafungwa. Na barabara ya Goma ingeyarusha mawe yale mpaka yavunje kila kitu. Inspekta alifikiri kwa pumzi moja, kisha akakaza mkanda wake.

"Papa Habineza, uko chini ya ulinzi. Kibandike kwanza hiki kipande cha mfukoni, kisha utaketi nyuma ya jipu la polisi na meli magotini. Mikono yako itaibana sitaha, na haitatoka hapo mpaka mimi niseme. Christian, shuka ukaliwashe!"

Ilikuwa safari ya kusimulia wajukuu. Manzi alitangulia na pikipiki, akipiga honi, akifukuza ng'ombe barabarani kwa matusi ya heshima. Valérie na Evode walikaa kila mmoja upande wake, wakiishika meli kama mgonjwa anayepelekwa kujifungua. Kabla tu ya Bihambwe jipu lilizama kwenye tope. Wote walishuka kusukuma isipokuwa mtuhumiwa.

"Mikono, Papa!" Inspekta alipaza sauti, magoti ndani ya matope.

"Iko hapa, Mama! Haitoki!"

"Mashavu manene," Evode alinung'unika akisukuma. "Mimi!"

"Yachonge tena, kaka," alisema Valérie, akihema. "Rula nitakupa."

Matairi yalishika. Walishangilia kama waliofunga goli.

Ukumbi wa Goma ulikuwa unaanza kubaki mtupu walipoingia na tope lao. Jaji mkuu, mama wa mvi na miwani, alikuwa anakusanya vifaa vyake kando ya beseni kubwa la maji. Valérie alipumua neno moja tu: "Mumefunga?"

"Bado kidogo," alisema jaji.

"Toa mikono, Papa," alisema Inspekta.

Habineza alijaribu. Vidole vilikuwa vimekauka kwa ganzi. Valérie alipiga magoti mbele yake, akavifungua kimoja kimoja, taratibu, mpaka cha mwisho.

Sitaha ililala tuli.

Jaji alipitisha ukucha pembeni mwake, kutoka pua mpaka mkia, akitafuta pa kuingilia. Hakupata. Aliipima kwa kifaa chake cha chuma, hapa na pale. Kisha akaiweka majini. Götzen ndogo iliyumba mara moja, ikatulia, na maji yakasimama sawasawa kwenye mstari mwekundu wa ubavuni mwake.

"Mwili nani alichonga?"

"Huyu, kaka Evode," alisema Valérie.

"Na sitaha nani alibandika?"

"Yule pale." Alimwonyesha Habineza, aliyekuwa anasugua vidole. "Iko chini ya ulinzi."

Jaji aliwatazama wote, matope yao, kofia ya polisi, aproni ya jibini. Akavua miwani.

"Kalemie kuna joto," alimwambia Valérie. "Usibebe makoti mengi."